Aliyeingia Stoo

Koplo Bupe alikuwa na tabia ya kuitazama nyumba kwa muda mrefu kabla ya kuisogelea, na asubuhi ile tabia hiyo iliwachosha watu wa Kiwalani. Alisimama ng'ambo ya njia, ameegemea ukuta wa jirani, darubini machoni, wala hakuonekana kuwa na haraka. Alianza na paa. Akashuka kwenye madirisha, moja baada ya jingine, akitafuta pazia lililokaa vibaya, waya usio na kazi, kitasa kinachong'aa kuliko vingine. Kisha barazani: viatu vilivyoachwa, ndoo, ufagio uliolala mbele ya mlango.

"Huo ufagio," alisema. "Kwa nini umelala mlangoni?"

"Mtu kauangusha akikimbia," alijibu Sajenti Anselmo, mkuu wake na mwenzake wa kazi.

"Labda."

Mumewe Kornelio alikuwa akimtania kwamba hata akiambiwa chai iko tayari hujibu labda. Kwao Sinza, Kornelio alishazoea kumwona mkewe akisimama mlangoni mwa sebule yao wenyewe, mkoba begani, macho yakizunguka kutoka sakafuni hadi darini kabla hajavua viatu. Kazi ndiyo iliyomfanya hivyo. Katika kikosi cha mabomu, Bupe ndiye aliyekuwa akitangulia kuingia katika majengo ya watu na kutafuta kwa macho kile kisichopaswa kuwamo, bila kukigusa, kisha kutoka akiwa mzima.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya kawaida. Matofali ya saruji, bati lililoshika kutu pembeni, baraza yenye nondo, na uani chumba kimoja cha kupangisha na stoo ndogo iliyobanwa kwenye ukuta wa nyuma. Ndege zilizokuwa zinatua zilipita chini chini juu yake, na kila ilipopita moja bati lilitetemeka. Anselmo alikuwa anakunja uso. Hakupenda kitu chochote kinachotetemeka karibu na baruti.

Maana baruti ndiyo iliyowaleta. Alfajiri mtu alipiga simu kituoni, sauti ya kiume, hakutaja jina. Alisema mpangaji mmoja mfupi aitwaye Wilfred, anayejiita fundi majokofu, ametoroka na kuacha vyumbani mwake baruti za kuulia samaki. Akataja nyumba, akakata simu.

"Aliyepiga anajua mno," alisema Bupe akishusha darubini. "Anamjua mpangaji kwa jina. Anajua mzigo ni wa nini. Jirani wa kawaida hajui hayo."

"Basi ni wa humu humu."

"Kama ni wa humu humu na ana nia njema, mbona anajificha? Pengine anataka sie tuingie tu."

 Wote wawili walijua kwamba simu ya namna ile inaweza kuwa msaada, na inaweza pia kuwa mwaliko wa kuwaleta watu wa kikosi kwenye mlango uliotegwa.

Wakazi wa nyumba zote za karibu walikwisha kuondolewa. Mjumbe wa mtaa aliwapeleka kwenye kiwanja cha kanisa, mbali kidogo, ambako palikuwa na turubai lililobaki kutoka harusi ya Jumamosi. Utepe mwekundu ulifungwa njiani, na watu wote waliagizwa wazime simu. Bupe alimwomba mjumbe amletee mwenye nyumba kwenye utepe.

Alikuja mama mfupi, mnene kidogo, amejitanda kitenge cha kijani, miwani ikining'inia kifuani. Jina lake lilikuwa Benedicta, mwalimu mstaafu kutoka Bukoba, lakini mtaani wote walimwita Mama Ansbert kwa jina la mwanawe wa pekee, aliyekuwa karani katika ofisi moja ya mizigo karibu na bandari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mtamaliza lini?"

Bupe alichora ramani ya nyumba kwa kijiti mchangani, mama akamsahihisha: hapa ukumbi, hapa vyumba viwili vya mbele vya Wilfred, hapa chumba chake yeye, hapa cha Ansbert. Alieleza vizuri, kwa sauti ya mtu aliyezoea ubao na chaki. Walipofika uani akasema chumba cha nje anakaa Leonardi, mchonga vinyago, mtu wa Newala. Kisha akaanza kufuta miwani yake kwa kitenge.

"Na hapa?" Bupe aliuliza, kijiti juu ya kona ya nyuma.

"Hapo stoo. Haina kitu."

"Ufunguo?"

"Wilfred alikuwa nao. Alikuwaga anaweka mabomba yake humo. Lakini haina kitu."

 Bupe alikuwa ameuliza ufunguo tu, na mara mbili ameambiwa stoo haina kitu.

Nyuma ya utepe minong'ono ilikuwa imekwisha kumpata mkosaji. Leonardi. Mtu hasalimii, walisema. Usiku anagonga gonga chumbani kwake. Juzi kaonekana amebeba kitu kizito na Wilfred, wamekifunika blanketi. Na leo, siku polisi wanakuja, kaondoka kabla ya jua kwenda huko Mwenge wanakouzia vinyago vyao. Bupe alisikia yote. Hakuyaamini, lakini hakuyatupa.

Akavaa kofia ngumu na fulana nzito ya kinga, akachukua tochi, kioo kidogo kilichofungwa kwenye fimbo, chaki, na kamera ndogo iliyowekwa kwenye ncha ya fimbo ya kuvuta. Anselmo alimkagua mikanda, akabaki nyuma ya ukuta wa jirani. Huingia mmoja. Mwingine hukaa pale anaposikia sauti, ili kikitokea kitu kisiwachukue wote wawili.

Ufagio aliuzunguka kwanza kwa kioo. Ulikuwa ufagio tu. Akauruka.

Kwenye mlango wa ukumbi alisimama bila kuvuka kizingiti. Chumba alikigawa kwa macho: kutoka sakafuni mpaka kiunoni, akakizunguka chote, kutoka kiunoni mpaka kichwani, akakizunguka tena, kisha juu, kisha dari. Kila alichokiona alikitaja kwa sauti, na Anselmo alikirudia kule nje. Meza. Viti. Televisheni imefunikwa kitambaa. Picha ya mwanamume ukutani, imenyooka. Halafu akapiga magoti na kulaza tochi karibu kabisa na sakafu, mwanga ukatambaa juu ya saruji. Ukimulika kutoka juu, sakafu yote huwa sawasawa. Ukimulika kutoka chini, kila kitu hupata kivuli chake, hata uzi, hata punje ya mchanga. Hapakuwa na uzi. Akaweka alama ya chaki kwenye fremu ya mlango na kupiga hatua.

Kwa Wilfred chumba cha kwanza kilikuwa kitupu, na mlango wa cha pili ulikuwa wazi nusu. Bupe alipitisha kioo kwenye upenyo akaangalia nyuma yake, bawaba, kitasa cha ndani, juu ya fremu. Kilichomkera ni usafi. Mtu aliyetoroka huacha kitanda hovyo, nguo chini, sahani yenye makombo. Hapa shuka lilikuwa limetandikwa na kuning'inia mpaka sakafuni, pande zote sawa.

"Kitanda kimetandikwa," alisema kwa sauti.

"Kitanda kimetandikwa," Anselmo alirudia. "Hukipendi?"

"Sikipendi."

Hakuligusa shuka. Alirefusha fimbo ya kamera, akaipitisha kwenye upenyo upande wa ukutani ambako shuka lilikuwa limeshikwa na mguu wa kitanda. Kwenye kioo cha kamera vikatokea vifurushi, vimefungwa nailoni nyeusi, vimepangwa kama matofali, na pembeni yake nyaya zilizoviringwa.  Bupe alitazama mpaka akaridhika kwamba vimelala tu, havijaunganishwa na kitu. Akarudi kinyumenyume akikanyaga palepale alipokanyaga, akachora duara la chaki mlangoni, akatoka.

"Baruti ipo," alimwambia Anselmo nyuma ya ukuta, akimeza maji. "Vifyatuzi sijaviona."

Hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Baruti ile peke yake inaweza kukaa kimya miaka. Kinachoiamsha ni kifyatuzi, kitu chembamba kama kalamu, ambacho hakina subira hata kidogo: kikipigwa, kikipashwa joto, pengine hata kikisogezwa karibu na simu inayoita, kinaweza kulipuka. Kimoja kinatosha kung'oa mkono. Wenye kazi ile hawaviweki pamoja na baruti. Huviweka chumba kingine.

"Stoo," alisema Anselmo.

Uani palikuwa na kamba ya nguo, pipa la maji, na mabaki ya magogo ya mpingo nje ya chumba cha Leonardi. Bupe alikikagua chumba hicho kupitia dirishani, kwa darubini na tochi, akaona vinyago, patasi, godoro. Stoo ilikuwa na mlango wa mbao unaofungukia nje, na kufuli kubwa. Alilimulika. Tundu la ufunguo halikuwa na vumbi. Dirisha la stoo lilikuwa tundu la tofali moja lililozibwa wavu, na wavu umechanika kona. Kamera ikapita.

Ndani kulikuwa na mabomba, mgongo wa jokofu, magunia, vumbi la miaka. Na kwenye rafu ya pili, katikati ya vumbi hilo, palikuwa na mahali peusi, safi, penye pembe nne, ukubwa wa sanduku la viatu. Mbele yake vumbi lilikuwa limekwaruzwa kuelekea ukingoni. Kitu kilikaa hapo kwa muda, kisha kikavutwa na kuchukuliwa, tena karibuni, kwa sababu pale kilipokuwa kimekaa hapakuwa bado na hata tabaka jembamba la vumbi jipya.

Bupe alizungusha kamera taratibu. Sakafuni hapakuwa na nyayo. Palikuwa na alama za tambara.

Alipotoka alimwambia Anselmo kwa sauti ya chini: "Vilikuwepo. Kuna mtu kavitoa, na kafuta nyayo zake. Wilfred hana sababu ya kufuta nyayo zake stoo wakati ameacha baruti chini ya kitanda. Huyu ni mwingine. Na hatujui kavipeleka wapi."

Wote wawili walitazama upande wa kiwanja cha kanisa.

Leonardi alikuwa amefika. Alisimama kando ya watu, mrefu kama nguzo, mikono nyuma. Karibu yake, lakini si pamoja naye, alikuwa amesimama kijana mwenye shati la ofisi, naye mrefu, anahema: Ansbert, aliyeacha kazi baada ya kusikia habari. Bupe alimwona Mama Ansbert akimfuata mwanawe na kumwambia neno kwa ukali. Aliwahi kusikia mwisho wake tu.

"...rudi kazini. Hapa huna kazi."

Kijana hakuondoka. Hakumtazama hata mama yake. Alikuwa anaitazama nyumba, kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Huyo naye, Bupe alijiambia. Lakini alianza na Leonardi.

"Nioneshe mikono, kaka."

Leonardi alimtazama kidogo, akaitoa mbele. Viganja vilikuwa vyeusi mpaka kwenye mikunjo ya vidole. Watu waliokuwa karibu wakasogea nyuma.

"Unga wa mpingo," alisema. "Na kiwi ya kung'arisha. Nenda Mwenge, wote mikono yetu iko hivi."

"Usiku unagonga nini?"

"Nachonga. Nina oda."

"Juzi umebeba nini na Wilfred?"

"Jokofu. Alisema la mteja, akaniomba nimshike upande mmoja. Niulize la nani wakati mie si fundi?" Alirudisha mikono nyuma. "Afande, mie hapa naitwa kila kitu kikipotea. Kuku, ndoo, kila kitu. Sie tukikaa kimya mnasema tunaficha, tukisema mnasema tunajitetea. Niambie kipi nifanye."

Bupe hakumwonea huruma bado. Alikuwa anamwangalia kichwa. Kamba ya turubai ilipita juu yao, yeye mwenyewe aliipita chini yake bila shida, lakini Leonardi alikuwa amesimama shingo imepinda ili isimguse.

"Subiri hapo," alimwambia.

Akarudi nyuma ya ukuta, akaomba kamera, akazirudisha picha za stoo. Alizipitisha haraka mpaka akafika pale kamera ilipoushika mlango kwa ndani. Mara ya kwanza macho yake yalikuwa sakafuni, hakupaona. Kwenye mlango, kutoka fremu hii mpaka ile, palikuwa na utando wa buibui, mkuukuu, mzito kwa vumbi, si wa jana wala wa juzi. Chini ulikuwa umechanika wote na vipande vyake vinaning'inia. Juu ulikuwa mzima.

"Tazama," alimwambia Anselmo.

Anselmo alitazama. "Aliyepita hapo kapita chini ya utando."

"Bila kuinama. Angeinama angeshika fremu, na vumbi la fremu halijaguswa. Leonardi angeuchana wote kwa uso. Hata mie ningegusa. Ni mtu mfupi. Wilfred naye ni mfupi, lakini yeye keshatoroka. Na zile alama za tambara, aliyefuta alikuwa anarudi nyuma kuelekea mlangoni, mkono kwa mkono, bila kuacha kona. Hivyo ndivyo anavyofuta mtu anayeijua sakafu yake."

Anselmo akavua kofia, akaivaa tena. Hakuhitaji kuambiwa jina.

"Yuko pale na watu," alisema. "Na watoto wako pale."

"Niache niende peke yangu. Tukienda wawili watakimbia, na wakikimbia watamkanyaga."

Bupe alivua fulana nzito ili asiwatishe watu, jambo ambalo Anselmo alilikataa kwa macho lakini hakulikataa kwa mdomo. Alitembea polepole mpaka chini ya turubai. Mama Ansbert alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mstari wa mwisho. Kati ya miguu yake palikuwa na kikapu cha ukindu kilichofunikwa kanga, na mpini wake mmoja alikuwa ameuvisha kwenye kifundo cha mguu, kama wafanyavyo wanawake stendi wakiogopa vibaka. Jua lilikuwa limehama, na nusu ya kikapu ilikuwa inapigwa na mwanga.

Bupe akavuta kiti, akakaa karibu naye kana kwamba miguu inamuuma.

"Pole kwa kukaa, mama."

"Tumeshapoa."

"Mama, nitakuuliza kitu, na nakuomba usinyanyuke."

Mama Ansbert aligeuza uso. Macho yake yalikuwa na uchovu wa mtu ambaye hakulala.

"Ukiniuliza mbele ya watu sitajibu," alisema.

Bupe alimwita mjumbe kwa mkono, akamwambia kwa sauti ya kawaida kwamba kuna maji yanagawiwa upande ule wa ukumbi wa kanisa, kwenye kivuli kizuri zaidi, na kila mtu aende, watoto kwanza. Mjumbe aliangalia uso wake, akaelewa kwamba haulizwi. Watu wakaondoka wakilalamika, wakiburuta viti. Bupe alifuata kila mguu wa kiti kwa macho mpaka wa mwisho ulipotoka. Leonardi naye akaondoka, na kijana wa shati la ofisi alibaki nyuma nyuma mpaka Anselmo alipomshika bega.

"Sasa hakuna watu," alisema Bupe. "Kimo kikapuni?"

"Kimo."

"Ulikitoa lini?"

"Asubuhi hii. Mliposema tutoke."  "Nilijua mtaingia stoo."

"Ulijua ni nini?"

"Najua ni vitu vibaya. Nilivitazama juzi, Wilfred alipoondoka. Ufunguo wa akiba ninao." Alitazama mikono yake. "Sanduku limezungushiwa sweta ya mwanangu. Ile ya bluu, niliifuma mwenyewe. Na wiki iliyopita usiku nilimwona Ansbert ananyatia stoo na tochi. Nikauliza kesho yake, akasema alikuwa chooni. Mwanangu hajawahi kunidanganya, afande. Siku hiyo alinidanganya. Basi nikajua wako pamoja."

"Ukaamua kumficha."

"Nina mmoja tu. Mngekuta sweta yake pale, nani angemsikiliza?"

Bupe alikuwa na mengi ya kumwambia. Kwamba amebeba kifo katikati ya watoto wa watu. Kwamba jua lile lilikuwa linapasha kikapu. Lakini hayo yangesubiri.

"Mama, mguu huo wenye mpini. Usiuvute. Usiusogeze hata kidogo. Hebu pumua."

 Kwanza akasogeza kiti kilichokuwa tupu, akaegemeza juu yake ubao wa matangazo wa kanisa, jua likakatika juu ya kikapu. Kisha akalala kifudifudi kwenye mchanga, akatoa kioo. Akakipitisha chini ya ukingo wa kanga, polepole, tochi ikimulika kwa pembeni. Aliona thamosi. Aliona mkate. Chini yake aliona bluu ya sweta, na pembe ya sanduku iliyotoka, na kwenye ufa wa pembe vitu vyembamba vya rangi ya fedha. Sanduku lilikuwa limelala kwa ubavu, limebanwa na thamosi. Mpini wa kikapu ulipita juu ya thamosi. Mguu ukivutwa, mpini ungevuta, thamosi ingeanguka juu ya sanduku.

"Naukata mpini," alisema. "Utasikia kisu karibu na ngozi. Usiruke."

"Sitaruka."

Ukindu mkavu hulia ukikatwa. Bupe alikata uzi mmoja mmoja, mkono wa kushoto ukiushika upande wa kikapu usilegee ghafla. Ndege ilipita juu yao, turubai likapepea, na wote wawili walisubiri, mama akiwa amefumba macho, mpaka ngurumo ilipoishia kule uwanja wa ndege. Uzi wa mwisho ukakatika.

"Inua mguu juu. Juu kabisa. Haya, upeleke nyuma. Nyanyuka taratibu, nenda kwa sajenti, usiangalie nyuma."

Mama Ansbert alikwenda. Bupe alibaki kidogo akikitazama kikapu, akahakikisha hakuna kilichosogea, kisha akarudi kinyumenyume kwenye nyayo zake mwenyewe. Baada ya hapo ilikuwa kazi ya Anselmo, aliyekuja amevaa vazi lote zito, akiwa na sanduku la chuma lililojaa mchanga, na akaifanya kama anavyofanya kila kitu, kwa kukunja uso.

Mama na mwana walikutanishwa nyuma ya ukumbi wa kanisa, polisi mmoja akiwa karibu. Ansbert alikuwa na haki ya kukaa kimya, lakini hakukaa.

"Mie ndiye niliyepiga simu," alimwambia Bupe, ingawa macho yake yalikuwa kwa mama yake. "Niliona Wilfred anaingiza mizigo chumbani kwake usiku. Nikaenda kumulika stoo, nikaona vile vitu. Nikaogopa. Nilisema nikimwambia mama atamkabili Wilfred, mnamjua alivyo, na yule bwana ana wenzake. Nikasubiri aondoke, nihakikishe harudi, ndipo nipige."

"Na sweta?" aliuliza Bupe, kwa sababu bado alikuwa Bupe.

"Iliibwa kwenye kamba baada ya usiku ule. Nilidhani ni vibaka."

Alisema hayo bila kusitasita, na namba iliyopiga simu kituoni ilipolinganishwa na yake, ilikuwa ndiyo. Mama Ansbert alisikiliza yote akiwa amesimama.

"Mama," alisema Ansbert, "ulidhani ni mie?"

 Mama Ansbert alivaa miwani yake, akaivua, akaivaa tena.

"Siku zote hizo umekaa unakula na mie meza moja, unadhani ni mie."

"Ulinidanganya kuhusu choo," alisema mama yake, na sauti yake ya mwalimu ikamwishia hapo hapo.

Wilfred alikamatwa baadaye huko Mkuranga, nyumbani kwa shemeji yake, akitengeneza jokofu kwelikweli. Mama Ansbert alihojiwa kituoni siku mbili. Kwa umri wake, na kwa sababu alisema kila kitu bila kuzungusha, aliachiwa kwa onyo ambalo Anselmo alimsomea kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Nyumba ilikabidhiwa wiki iliyofuata. Bupe alikwenda mwenyewe, akapita chumba kwa chumba mara ya mwisho, tochi chini, kioo mkononi, akifuta alama zake za chaki kwa kitambaa kila alipomaliza. Mama Ansbert alisimama barazani, hakutaka kutangulia. Mwanawe ndiye aliyetangulia, akafungua madirisha yote, kisha akatoka akamshika mama yake kiwiko, wakaingia. Bupe alisikia jikoni sufuria ikiwekwa, na sauti ya kijana ikiuliza chumvi iko wapi, na mama akimwelekeza.

Uani Leonardi alikuwa anafunga patasi zake kwenye gunia. Vinyago vilikwisha kutangulia kwa guta la mizigo.

"Unahama?" Bupe aliuliza.

"Nimepata chumba huko huko Mwenge, karibu na kazi."

"Mama amekwambia uhame?"

"Hapana. Amekuja kuniomba msamaha, na majirani wawili wamekuja. Mmoja kaniletea wali." Alikaza kamba ya gunia. "Ule wali nimekula. Lakini mie hapa kila mtu akikosa kitu chake tena, najua atanitazama mikono."

Bupe alitaka kusema kitu kuhusu utando wa buibui, kwamba ndio uliomtoa mashakani kabla ya mtu yeyote kumtoa. Akaona hakitamsaidia mtu anayehama. Aliona pia kwamba, bila kule kupinda shingo chini ya kamba, yeye mwenyewe angeendelea kumbana.

"Nilikuuliza vibaya, kaka," alisema. "Nisamehe."

Leonardi alimtazama.

"Uliniuliza," alisema. "Wenzako hawakuuliza."

Akainua gunia begani. Bupe akamshikia mlango wa uani, naye akainama kupita.